Maelezo Kuhusu Nukta Nyekundu Juu ya Karakana ya Makochi

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina analofahamika nalo: Mama Kochi
Umri: Miaka 47
Kazi: Fundi wa makochi, anatengeneza mapya na kuvalisha ya zamani
Makazi: Vyumba vya nyuma ya karakana yake, barabara ya nyuma ya soko

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Naishi na mama yangu mzazi, ambaye upande wake wa kushoto umepooza tangu alipopata kiharusi, pamoja na mdogo wangu wa kiume. Mtaa mzima unamwita Redio, kwa sababu ukishamwasha hazimiki. Natoa maelezo haya nikiwa na akili timamu. Nimemwambia afande anayeniandika kwamba ningeshukuru zaidi tukipanda gari twende sasa hivi, kuandika tuandike tukirudi. Amesema utaratibu ni maelezo kwanza. Basi naomba aandike upesi.

Mdogo wangu amejitolea katika ile ramani ya simu ambayo raia hutumia kutoa taarifa za uchaguzi. Alifundishwa, akapewa fulana, na tangu siku hiyo nyumbani hatujapumua. Kwa jinsi alivyonieleza, mtu akituma alichokiona, ramani inaweka nukta ya njano mahali simu yake ilipo. Taarifa zikiwa nyingi kutoka mahali hapo hapo, nukta inageuka nyekundu, na hapo jambo linahesabiwa limethibitishwa. Nilimwuliza, "Na hao wengi wakiwa wamekosea wote?" Akanijibu, "Dada, wewe shona makochi."

Mnamo tarehe 14 ya mwezi huu, yaani leo, siku moja baada ya kupiga kura, Redio alikwenda asubuhi kwenye shule iliyo kule bondeni, ambako mtaa wetu ulipigia kura. Aliwakuta mawakala wa vyama wamesimama nje, wamekatazwa kuingia, na masanduku yamo darasani hayajahesabiwa. Akaandika: "Masanduku ya kura yamefungiwa ndani, wanakataa kufungua mlango." Akabonyeza kutuma. Lakini kule bondeni hakuna mtandao, na kila mtu hapa mjini analijua hilo. Ujumbe ukabaki ndani ya simu. Yeye hakuangalia, akaja zake karakanani kunywa chai na kumsimulia mama. Alipofika kwangu simu ikapata mtandao, na ujumbe ukaondoka wenyewe. Nukta ikaanguka juu ya paa langu.

Saa sita mchana waliingia vijana watatu, wakasema wanatafuta kochi la watu watatu. Nikawaonyesha. Hawakuuliza bei, nikaona ajabu. Walibonyeza viti kama daktari anayetafuta uvimbe, mmoja akalala chini kuchungulia uvunguni. Akaniuliza, "Mama, humu ndani mmeweka nini?" Nikamwambia, "Mbao, sponji na jasho langu." Wakatazamana, wakatoka. Nje wakapiga picha mlango wangu.

Watu wakaanza kujaa. Redio alipofungua simu yake na kuiona ramani, uso ulimbadilika. Nilimwambia arekebishe. Akaandika, "Si hapa, ni shule ya bondeni, hapa hakuna masanduku." Ramani ikaipokea kama taarifa nyingine kutoka mahali pale pale, na nukta ikawa kubwa zaidi. Wale wa nje nao walikuwa wanatuma: kuna umati, kuna karakana, wenyewe wamejifungia. Ni kweli tulijifungia. Nani asingejifungia? Kila walichotuma kilikuwa kweli, na nukta ikawa nyekundu. Redio aliwapigia wenzake wa ofisi ya ramani, na baada ya kupiga sana binti mmoja akapokea. Akasema, "Tumeliona, kaka, lipo kwenye foleni."

Walivunja mlango wa mbele. Kabla ya hapo nilikuwa nimesimama dirishani nikiwaapia, na mzee mmoja aliyevaa vizuri kabisa akaniambia, "Lisemwalo lipo, mama. Kama halipo, laja." Walichana makochi yote kwa visu. Kulikuwa na seti ya maharusi iliyobaki vifungo tu. Kulikuwa na kiti cha mjane mmoja ambacho nilikivalisha bure. Sponji ilitapakaa sakafuni, nami nikasema moyoni, haya, sasa wameona, sasa wataondoka. Hawakuondoka. Mmoja alisema kama masanduku hayamo kwenye makochi basi yamo vyumba vya nyuma.

Kati ya karakana na vyumba vya nyuma kuna mlango mmoja wa mbao, na Redio aliuegemea kwa mgongo. Mama alikuwa kitandani. Nilijaribu kumbeba nikashindwa, ni mzito, na mguu wake haumsaidii. Aliniambia, "Niache. Waje wanikague. Kura yangu ilikuwa moja na nimeshaitumbukiza." Mama yangu ni mtu wa mzaha hata kwenye msiba. Lakini alikuwa ameshika kitambaa cha gauni langu, na ilibidi nimfungue vidole mwenyewe ili niondoke.

Kilichonifanya niondoke ni mtu mmoja mwenye shati la mistari. Nilimwona kupitia ufa wa mlango. Alikuwa na dumu la petroli, na alisema bila kelele, "Msihangaike na mlango. Watatoka wenyewe." Chini ya miguu yake ilikuwa sponji tupu. Mimi nimefanya kazi na sponji maisha yangu yote ya utu uzima. Ikishika moto haingoji mtu, na moshi wake unaua kabla ya moto. Nilipita dirisha la nyuma, nikapanda mlima mbio hadi hapa kituoni. Hata viatu sina, kama afande anavyoona.

Nilipofika nilisema kila kitu kaunta. Nikaambiwa kituo kina gari moja, na gari haliwezi kutoka bila idhini ya mkuu, na mkuu yuko kwenye kikao cha usalama wa uchaguzi. Nikaambiwa nikae kwenye benchi. Nilikaa. Nikasimama, nikaambiwa kaa, mama, unawasumbua wengine. Wengine hawakuwepo.

Pale kwenye benchi niliangalia ukuta wa kituo. Ni mrefu, una vipande vya chupa juu. Geti ni la chuma. Kuna askari wenye silaha. Nikawaza kwamba hawa hata wakijiwa na mji mzima hawatafanywa kitu, na mama yangu ana mlango wa mbao na mgongo wa Redio. Mfa maji haachi kutapatapa. Redio aliwahi kuniwekea ile ramani kwenye simu yangu kwa nguvu, nikamtukana. Niliifungua. Niliandika: "Masanduku yamehamishwa kutoka karakana ya makochi. Yameletwa kituo cha polisi, nimeyaona kwa macho yangu." Nikatuma. Kisha nikatuma tena, na tena, kwa maneno tofauti, kama vile ni watu tofauti. Niliona nukta ya njano ikitokea hapa tulipokaa. Nililia kwa furaha, Mungu anisamehe.

Afande ameniuliza kama ninaelewa ninachokisema. Ninaelewa. Zile kelele zilizoanza getini tulipokuwa tunaandika habari za mlango kuvunjwa, na ambazo afande alinyanyuka kuzitazama, ni za watu niliowaita mimi. Sikutumwa na chama chochote. Sina hata kadi ya chama. Nilitaka watoke kwa mama yangu waje kwenu, kwa sababu ninyi mnajiweza.

Dakika chache zilizopita Redio amenipigia, na afande ameniruhusu kupokea mbele yake. Alisema, "Dada, wanapungua! Wanakimbilia huko juu, sijui wameambiwa nini." Nilimwuliza habari za mama. Akasema, "Anasali, kisha ananitukana, kisha anasali." Nilicheka. Nikamwuliza, "Na yule wa dumu?" Akanyamaza. Redio hajawahi kunyamaza tangu azaliwe. Kisha akasema, "Huyo hana simu, dada. Hajui kwa nini wenzake wameondoka. Amekaa tu mlangoni." Halafu mazungumzo yakakatika.

Kwa hiyo afande, sasa huko kwangu pengine hakuna umati tena. Kuna mtu mmoja tu. Askari mmoja anamtosha. Nimesikia idhini ya mkuu imefika na dereva ameitwa. Nakubali kufungwa kwa uongo nilioutuma, na sitaomba wakili. Makochi sidai. Nataka gari lipite getini.

Nimeambiwa nisomewe maelezo yangu kabla ya kuweka sahihi. Sitaki kusomewa, nayajua. Niliyoyaona na niliyoyatenda ni hayo, na ni ya kweli yote.

Sahihi ya shahidi: (ameweka sahihi kwa mkono wake)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Maelezo haya nimeyaandika mimi kama yalivyotolewa, bila shahidi kushurutishwa. Shahidi alikataa kusomewa. Kwa sababu ya aliyoyakiri, nimeshauri afunguliwe jalada la kusambaza taarifa za uongo.

Gari la kituo liliwashwa mara tu idhini ilipofika. Hadi naandika maneno haya bado limo ndani ya geti. Watu wamelala barabarani mbele yake, wakisema masanduku yamo ndani ya gari na hayatatoka. Askari wawili waliojaribu kutoka kwa miguu wamerudishwa kwa mawe. Namba ya mdogo wake shahidi nimeipiga mwenyewe mara kadhaa, haipatikani.

Shahidi aliomba apelekwe getini aseme na watu, nami nilimruhusu. Amewaambia kwamba aliwadanganya, kwamba hapa hakuna masanduku, na kwamba mama yake atateketea. Wanampigia makofi ya kumtia moyo. Wanasema ni wazi amelazimishwa na polisi.