Nikifika Kanada

Yaya Furaha, dada yangu mkubwa,

Kwenye simu sisi wawili tunacheka mpaka mtandao unakatika, na jambo la maana linabaki halijasemwa. Ndiyo maana nakuandikia. Usishtuke, hakuna mgonjwa. Hata mimi siogopi sana, na hiyo peke yake ni habari.

Unakumbuka siku uliporudi kutoka soko la Rugaaga na mche wa avoka umeufunga nyuma ya baiskeli? Faili lenu la kuhamia ng'ambo, wewe na shemeji na watoto, lilikuwa limekwisha kupita, letu mimi na mama limebaki. Mtaa wetu wote wa Juru ulijua mnakwenda Kanada. Na wewe ukachukua jembe, ukaanza kuchimba shimo karibu na jiko, pale tulipokuwa tukimwaga maji ya vyombo. Jirani yetu Mama Esta aliacha maharage yake, akaja kusimama mbele yako, mikono kiunoni.

"Weye Furaha, uko unapanda avoka na muko karibu kwenda? Nani atakula?"

"Mwenye njaa, mama."

"Hii muti itakawia!"

"Itakawia, ndiyo. Na siku utakuya kuomba, utaimba kwanza."

Mama Esta alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilikuona unapoteza nguvu zako bure. Kwetu kambini Nakivale nani anapanda mti? Tunapanda maharage na mahindi, vitu vinavyokomaa kabla jina halijaitwa.

Hivi karibuni vijana wa kanisa walituita kule Misiera, ili kila mmoja aandike mpango wa maisha yake: juu anachokithamini, chini anachotaka kukifikia. Unanijua, mimi nilitumia rula. Dada aliyekuwa akitufundisha akaniomba nisome. Nikasoma: nikifika Kanada nitasomea uhasibu. Nikifika Kanada nitafundisha watoto kuimba. Nikifika Kanada nitampatia mama jiko lisilovuja.

Akaniuliza kwa upole, "Na leo, dada? Leo ukiamuka unafanya nini?"

Nikapitia karatasi yote; leo haikuwemo. Wenzangu wakaanza kunicheka, kisha wakatazama karatasi zao wakaacha, maana zote zilikuwa hivyo hivyo. Bahati, yule kaka wa kwaya, alikuwa ameandika: "Nikifika Australia nitaacha kuchelewa kuamka." Hapo hata mwalimu alishindwa kujizuia.

Wiki ileile, huku Mbarara, bosi wa ghala la mbegu ninakofanya ukarani aliniita.

"Neema, mimi nataka wewe kuwa karani mkubwa. Lakini kwanza wewe nasoma uhasibu hapa, jioni, miaka mbili. Utakuwa hapa, ama ndege nakuchukua?"

Alinipa mpaka Ijumaa. Yaya, chakula kilinishinda. Tangu uondoke nilikuwa nikiishi kama mtu aliyekwisha kufunga mizigo, hata shuka mpya sikununua. Niliogopa kwamba nikimwambia bosi ndiyo, nitakuwa nimekuambia wewe kwamba siji tena.

Ndipo nikaitoa ile karatasi ya Misiera, nikafuta "nikifika Kanada" kila mahali. Sikugusa kitu kingine. Yote yaliyobaki yaliwezekana, tena kuanzia Jumatatu. Pale juu, kwenye ninachokithamini, nilikuwa nimejaza maneno makubwa makubwa ya kumpendeza mwalimu. Nikayafuta nayo, nikaandika: kupanda mahali nilipo. Hilo nililiona kwako, karibu na jiko, nikakaa miaka yote hii bila kulielewa.

Ijumaa nilisimama mlangoni kwa bosi. "Naanza kusoma, bosi. Jina letu likiitwa, nitakwambia mapema. Lakini sitangoja tena."

Akanitazama. "Sawa sawa. Sasa toka kwa mlango, watu nabeba gunia."

Nilikwenda kucheka peke yangu nyuma ya lori.

Faili letu halijafungwa. Nimeuliza, kisha nikarudi kuuliza tena. Likipita nitakuja, nitalala kwako na kumaliza kila kilichomo jikoni. Lakini utampokea mtu aliyekwisha kuanza. Jioni naingia darasani na kalamu mbili, moja isije ikaniangusha. Jumapili niko Juru na watoto wa kwaya, wanaogombana kwa sauti kama kuku kwenye mtama. Jiko la mama limepata bati jipya, naye anatoka nje mvua ikinyesha ili alitazame.

Na avoka yako imezaa, Yaya. Jumapili iliyopita Mama Esta alikuja na beseni, akasimama palepale, mikono kiunoni. Nikamkumbusha masharti yako. Akaimba wimbo mzima, mama akimpigia makofi, ndipo nikamjazia.

Vaa soksi. Wabusu watoto.

Mdogo wako, ambaye yupo hapa,
Neema