Kijiko Nilichompokonya Shangazi Yako

Mjukuu wangu Mwende,

Huku mtaani Lucky Summer tuko salama, ila maji yamepotea tena na babu yako amezidi ubishi. Natumaini Kisumu imekupokea vizuri.

Umeniuliza, "Susu, kwa nini Krismasi ulimfokea shangazi mbele ya wageni? Alitaka tu kumwangalia mtoto wake koo kwa kijiko." Hiyo "tu" ndiyo inayoniudhi.

Nilikuwa na ndugu mdogo, Kilonzo, tulipokuwa tukiishi mtaa wa Baba Dogo. Asubuhi moja aliamka na homa kali, sauti imezibika, mate yanamtoka kwa sababu hawezi kuyameza. Alikaa ameinama mbele, kidevu amekitokeza mbele, anavuta pumzi kwa shida. Jirani akaja na kijiko. "Hizo ni tonsi tu, uvimbe wa koo. Mlazeni nimwangalie." Kilonzo akausukuma mkono wake, akainuka. Wakamwita mkaidi. Wakamshika, wakamlaza chali, wakamkandamiza ulimi. Koo likaziba palepale. Hakufika hospitali akiwa hai.

Daktari alimwambia mama kwamba mtoto wa namna hiyo haguswi mdomo wala halazwi. Anabebwa vilevile alivyokaa, mbio hospitali.

Sasa shangazi yako ananinunia, na mtoto wake alikuwa akitokwa mate vilevile. Anune. Mtoto tulimkimbiza hospitali akiwa amekaa, akatibiwa, sasa anacheza.

Kilonzo hakuwa mkaidi, Mwende. Alikaa kwa namna pekee iliyombakishia pumzi, na watu wazima wakamlaza.

Ni mimi susu yako. Kile kijiko cha shangazi yako sijakirudisha.