Mbuzi Ambao Hakuna Aliyewapokea

Anvers, Ubelgiji

Kavira, mdogo wangu,

Wavukire. Barua hii ikikufikia jioni usinicheke, mimi naandika asubuhi na nakusalimu kwa saa ya huku. Tumbo linaendaje? Miguu bado inavimba? Mama ameniambia umeanza tena kula ule udongo mweupe wa sokoni, kama ulivyofanya kwa mimba ya kwanza. Acha hiyo tabia. Haya, najua hutaacha, lakini mimi ni mkubwa wako na lazima niseme. Na hapo Mulekera kumetulia? Mnalala nyumbani? Tukisikia habari za mauaji ya Beni huku, kila mtu wa kwetu anashika simu, mara nyingi haipiti, halafu tunaendelea na kazi kama vile hatujasikia kitu.

Mimi mwili ni mzima. Baridi imeanza na mikono inapasuka kwa sabuni. Bado niko kwa yule bibi mzee Myahudi, Madame Frida, ninayemwogesha, kumpikia na kumsomea gazeti kwa sababu macho yamechoka. Jikoni kwake sikosei tena: sufuria za nyama upande huu, za maziwa upande ule, kila moja na kitambaa chake. Mwezi wa kwanza nilikoroga maziwa kwa kijiko cha nyama, akanitazama kama nimemwaga petroli sakafuni. Siku hizi ananiita binti yangu, hasa anapotaka chai.

Nimekuandikia kwa karatasi kwa sababu simu yako inasikilizwa na majirani wote wa uwanja, na kwa sababu kwenye simu nilikuwa mwoga. Kuna jambo utalisoma humu na utanichukia. Soma mpaka mwisho kwanza, ndipo unichukie.

Nianze na huyu bibi, maana wazo lilitoka nyumbani kwake, ingawa kosa si lake. Kila Jumanne wanawake wa dini yake wanakuja sebuleni, wengi wao wamevaa wigi, maana kwao mwanamke aliyeolewa hufunika nywele zake. Wanawatetea wenzao ambao waume zao wamekataa kuwaacha. Kwao ndoa haivunjwi na serikali peke yake. Mume lazima atoe karatasi ya talaka kwa hiari yake, mbele ya marabi, wazee wa dini yao, na mke aipokee. Asipotoa, mwanamke anabaki mke wake hata wakikaa miaka kumi bila kuonana. Mume akijipatia mwingine, watu wanafumba macho. Mke akizaa na mwingine, ni mtoto anayeadhibiwa: akikua hawamruhusu kuoa wala kuolewa na watoto wa wenzao. Madame Frida alianza kulipigania jambo hili nywele zake zikiwa bado nyeusi. Anataka wanawake wasikilizwe pale wazee wanapoketi, na maharusi watie sahihi kabla ya harusi kwamba hakuna atakayemfunga mwenzake. Marabi wengine wamemuunga mkono. Wengine wanamsalimia vizuri sana na hawafanyi kitu.

Kati ya hao wanawake kuna Rivka, wa umri wako, anasubiri karatasi yake mwaka wa tano sasa. Mumewe ana ofisi mtaa wa almasi. Kila Alhamisi wanakwenda kusimama mlangoni pake na vibao, na mimi nakwenda kumshikia bibi mwavuli. Yule bwana anatoka, anapita katikati yao, anasema bonjour. Bonjour! Alhamisi moja, Kavira, nikawa kama namwona mumeo Paluku ndani ya lile koti la Ulaya.

Sina haja ya kukusimulia maisha yako mwenyewe, lakini nayaandika kwa sababu nataka na wengine wasomewe barua hii. Paluku alikupiga mpaka ukatoka Kalunguta kwa miguu. Baba mdogo, anayeshika nafasi ya marehemu Baba, alikwenda mara mbili na wanaume wa ukoo kumrudishia mbuzi wa mahari, kama desturi inavyotaka. Mara zote mbili Paluku alijifungia ndani akamtuma mama yake mlangoni: "Paluku hayiko. Na hata angekuwako, mbuzi ya kurudisha hatuna nafasi yake hapa." Wanaume wakarudi nao. Mbuzi wasipopokelewa, wewe bado ni mke wake, na kila utakayemzaa anahesabiwa wake. Mtoto wako wa kwanza walimchukua kwa njia hiyo. Na huyu aliye tumboni, wa mwalimu Ilunga uliyeanza naye maisha mapya, wamekwisha kutangaza kwamba watakuja kumchukua akiacha kunyonya.

Basi Alhamisi ile nilirudi nyumbani nimechemka. Nilijiambia, kama hataki kupokea, basi apewe bila kuulizwa. Unanijua kiherehere changu. Nilimpigia Kambale, binamu yetu mwenye pikipiki, nikamwambia anunue mbuzi Butembo, atafute gari la kuwapeleka Kalunguta siku ya soko Paluku akiwa hayupo, awafunge uani na aondoke zake. Nikamwapisha asimwambie mtu, hata baba mdogo, kwa sababu nilijua angekataa.

Kambale alinipigia jioni ya siku ya soko, anacheka. "Dada, kazi imeisha. Nimebafunga ku muti wa avoka. Hakukuwa mutu ku nyumba, lakini bajirani baliniona, baliniuliza ni mbuzi ya nani, nikabaambia ni ya Kavira."

Ni ya Kavira. Nami nikapiga vigelegele peke yangu bafuni.

Nilimweleza Madame Frida wakati wa supu, nikingoja sifa. Akaweka kijiko chini. "Je, aliwapokea? Nani alimwona akipokea?" Nikasema wako uani kwake, anataka nini zaidi. Akaniambia kwamba hata kwao, mume akiweka karatasi chini na kumwambia mke ajiokotee mwenyewe, hiyo si talaka, ni karatasi iliyolala sakafuni. Halafu akaniuliza polepole, "Na kwenu, mbuzi wakiletwa bila maneno, maana yake nini?"

Hapo ndipo nilipokumbuka. Nimekaa huku mpaka nimesahau kitu ambacho hata mtoto mdogo wa kwetu anakijua. Mke aliyekimbia, moyo ukimrudia, watu wake wanapeleka mbuzi kimya kimya kuomba msamaha, ili mume aje amchukue. Mmoja anatosha. Mimi nilipeleka kundi.

Yaliyofuata unayajua kuliko mimi, Mama amenisimulia. Paluku alifika Mulekera na pikipiki tatu, amevaa shati jeupe, akasema mbele ya majirani wote: "Bibi yangu ameomba pardon. Mbuzi ziko kwangu, batu bote baliona. Donc nimekuya kumuchukua, yeye na mimba yake. Mimi siko mutu mubaya." Ulimfungia mlango, na nakupongeza kwa hilo. Lakini mwalimu Ilunga alikuwa amesimama palepale. Alikuuliza kama ni kweli, ukamwambia hujui kitu. Mbuzi walikuwepo kweli, watu walikuwa wamewaona, sasa aamini nini, mtu wa kutoka Kasaï asiye na ndugu hapo wa kumweleza? Akachukua redio yake na mashati yake akahamia shuleni.

Uliponipigia ulikuwa unalia. Ulisema, "Dada, kuko mutu alipeleka mbuzi kwa jina yangu. Ni nani ananichukia hivi? Nilimufanya nini?" Nikakujibu mtandao ni mbaya, sikusikii. Nilikuwa nakusikia vizuri kabisa, hata kuku wa jirani niliwasikia. Nikakata simu, nikaenda kukunja nguo za bibi.

Ni mimi, Kavira. Si yule jirani uliyemshuku mpaka mkaacha kusalimiana, mwombe radhi kwa niaba yangu. Ni mimi dada yako.

Usidhani nilikaa tu. Nilimpigia mwalimu mara nyingi, hapokei namba za ng'ambo. Nilimpigia baba mdogo nikakiri yote. Akasema: "Masika, weye uko mwanamuke. Nani atasimama mbele ya batu ya Paluku aseme dada ndiyo alituma? Batacheka. Banataka mwanaume mwenye aliona na macho. Lete Kambale." Kambale, aliposikia pikipiki tatu zimefika Mulekera, alipita Kamango akavuka mpaka kuingia Uganda, na simu yake imezimwa hadi leo. Simlaumu. Ni mimi niliyemtuma.

Nilimsimulia bibi maneno ya baba mdogo. Sikutegemea angecheka, lakini alicheka, kicheko kibaya. Akasema: "Miaka arobaini nabeba kesi hizi. Sheria ya talaka naijua kuliko wengi wa hao wanaume. Lakini siku karatasi inapoandikwa, wanatakiwa mashahidi wawili, na mimi siwezi kuwa mmoja wao. Wananiomba nisubiri kwenye korido." Nilimwuliza sasa mimi nifanye nini. Alinishika mkono, akaniita binti yangu, na safari hii hakutaka chai.

Kuja siwezi. Nikitoka kabla karatasi zangu za kuishi huku hazijakubaliwa sitaingia tena, na hata nikija, nitakuwa mwanamke mwingine anayepiga kelele Kalunguta. Nasugua dirisha, nalia, nasugua tena. Rivka ana wanawake kumi na wawili wanaosimama kwenye mvua kwa ajili yake, na bado hajapata karatasi. Wewe una nani? Una Mama mwenye magoti mabovu, na una mimi, niliyekuharibia. Ningependa kukuambia yatakwisha vizuri. Sioni njia, mdogo wangu, na sitaki kukudanganya mara ya pili.

Nisalimie Mama, mwambie nguo ya joto itakuja na mzigo mwingine. Msalimie baba mdogo, hata kama bado amenikasirikia. Msalimie mama mchungaji aliyekupa godoro, na shangazi yetu wa Kalunguta anayemwona mwanao kisimani na kumtilia karanga mfukoni. Mwambie amtilie na zangu. Mwalimu Ilunga msalimie ukikutana naye njiani. Usimwombe kitu, mpe barua asome mwenyewe.

Anayekuletea ni mama wa kwaya yetu, anakuja Butembo kwa kilio cha mama yake. Kabla sijamaliza ukurasa huu, niliwaomba wanaume wawili kanisani watie sahihi chini kabisa, nikaacha nafasi ya maneno haya na jina langu: mzee wa kanisa, mtu wa Kananga, na mpiga kinanda, mtu wa Matadi. Hawajawahi kufika Beni. Hawamjui Paluku, hawakumwona Kambale wala mbuzi hata mmoja, na barua hawakuisoma. Mpiga kinanda alitia sahihi huku anaongea kwenye simu. Mpelekee baba mdogo barua hii, asimame nayo mbele ya watu wa Paluku, aseme mashahidi wamepatikana, na ni wanaume.

Mimi niliyefanya jambo hili kwa mikono yangu, na kulijua peke yangu,

dada yako Masika

Wamethibitisha kwamba ni kweli:
(sahihi) mzee wa kanisa
(sahihi) mpiga kinanda