Mbeta za Safu ya Mwisho

Igowole, Mufindi
Ijumaa, 13 Machi

Kaka Jailos,

Kamwene. Natumaini wewe, shemeji Esta na watoto mko wazima huko Mbeya. Sisi tunapumua. Magoti yanamsumbua Mama kwa baridi hii, lakini kanisani anakwenda kwa miguu yake. Mvua ni nzuri, mahindi yamebeba. Ninaandika kwa sababu tangu Jumanne hupokei simu. Barua nitampa dereva wa basi.

Unajua gazeti lilinituma kuandika habari za hifadhi za huku kwetu. Nilianzia Kitulo, kwenye maua na ukungu, nikapita misitu ya Rungwe, nikamalizia msitu ulio juu ya shamba letu. Hapa niliongozwa na mhifadhi Andendekisye, Mnyakyusa wa Tukuyu, mtu wa utani. Jumanne alinionyesha mbega kwenye miti mirefu, vyura kwenye kinamasi cha bondeni, na kule juu kabisa nyasi tupu ambako tai huwinda panya. Njia nzima aliniuliza kama Mhehe anaweza kutembea bila kusimama kunywa. Nilimjibu kwamba Mnyakyusa hatembei kabisa, anasubiri ndizi ziive.

Tuliteremka tukatokea kwenye mianzi yetu, safu ile ya mwisho inayogusana na msitu. Akasema hataki niandike kwamba alidharau kinywaji cha wenyeji. Akashusha mbeta moja, kipande cha mwanzi kilichokuwa kikikinga utomvu, akanywa ulanzi uliomo, akaining'iniza tena mahali pake, kama mpita njia yeyote wa kwetu anavyofanya. Akasema ulanzi wetu una harufu ya duka la pembejeo. Mimi nilikuwa nimeshika mbeta yangu. Ndipo nikaona kima wawili wamelala chini ya mianzi, povu mdomoni, mmoja na mtoto kifuani.

Kabla hatujafika barabarani Andendekisye alianza kutoka jasho na mate, kisha miguu ikakataa. Wachuma chai walimbeba hadi zahanati, na gari likampeleka Mafinga. Daktari alisema mboni zimesinyaa kama ncha ya sindano, na kwamba ni dawa ya kuulia wadudu. Hakuahidi kitu. Jana Andendekisye alifungua macho, akaniuliza kama kwetu wageni wote hukaribishwa hivyo. Hakucheka, wala mimi sikucheka.

Rabson, anayetugemea, alikamatwa Jumanne hiyohiyo. Mianzi anaishika yeye kila asubuhi, na watu wanakumbuka alivyokuwa akiwalaani kima kilabuni. Atafikishwa mahakamani Jumatatu. Mlango wa nyumba yake umevunjwa, na mkewe Yusta amehamia kwa Mama.

Nilikwenda kumwona mahabusu. Alisema sumu si yake. Nilipomuuliza nani mwingine aliingia mianzini, alitazama sakafu, akasema kibarua hamsemi mwenye shamba. Nikamwambia mwenye shamba alikuwa baba, na tumemzika. Akasema baba ana mrithi. Baadaye sana ndipo akaeleza kwamba ulipokuja Jumapili ulimwambia safu ya mwisho aiache, asiigeme wala kuionja, ni ya kima. Polisi hajawaambia, kwa sababu wewe ndiye uliyemsimamia ndoa yake.

Najua hukukusudia mtu. Kima walimaliza mahindi ya Mama mwaka jana, na mgema ulimwonya. Lakini umekaa mjini mpaka ukasahau kwamba mbeta iliyo kando ya njia hunywewa na yeyote mwenye kiu.

Sasa nikwambie nilichofanya. Jana jioni nilikwenda polisi nikaandika maelezo. Nimeeleza yote aliyoniambia Rabson, na jina lako nimelitaja kamili. Rabson alipojua alinigeuzia mgongo. Hata ungepokea simu, nisingekuomba ruhusa.

Watakufuata huko. Ukija mwenyewe kabla ya Jumatatu, Rabson huenda akatoka bila kupandishwa kizimbani. Panda basi la alfajiri. Nitakuwa stendi ya Mafinga, tutakwenda kituoni pamoja.

Wasalimie shemeji na watoto. Mama anakusalimu sana, na anauliza kila siku utakuja lini tena. Bado hajui. Hilo nimekuachia umwambie mwenyewe.

Mdogo wako,
Devotha Kalinga