Kila Baada ya Saa Mbili

Mke mwenzangu mdogo, mjukuu wangu,

Hujambo huko uliko? Mimi mzima, ni magoti tu yanayogoma. Anayeniandikia ni fundi cherehani wa jirani. Nimemwambia asiyapambe maneno yangu kama anavyopamba magauni.

Kikundi chetu cha kutembelea wagonjwa kimepata mafunzo ya siku tatu, bure. Nilitaka kukataa. Mtu asiyejua a wala be akafanye nini darasani? Mwenyekiti akanijibu, "Bibi, huko hawaandiki, wanashika." Nikaenda.

Siku ya pili muuguzi alitaka mtu wa kujifanya mgonjwa. Nikalala mimi, wenzangu wakacheka: "Usitufie kweli!" Akawaonyesha namna ya kunigeuza, ubavu huu kisha huu, kila baada ya saa mbili. Alisema mgonjwa akilazwa chali kutwa, mgongo unaoza.

Nililia palepale kitandani. Wakadhani wameniumiza.

Mama yako alipougua, miezi minne nilimlaza chali, nikikataza mtu kumgusa ili apumzike. Wewe ulisema tumgeuze. Nikakuambia unataka kumuua, nikakufukuza, hata kumzika hukuja. Vile vidonda vya mgongoni mwake, mjukuu wangu, ni mimi. Wewe ulisema kweli.

Cheti nimepewa, nimetia dole gumba. Sasa kila asubuhi nazunguka kwenye nyumba za watu, nawageuza mama zao.

Kitanda cha mama yako nimekutandikia. Njoo, hata kama ni kunigombeza.

Bibi yako, aliyefunzwa akiwa amechelewa.