Mume Wangu Anataka Sindano ya Punda

Usenge, Julai 1996

Mpendwa Mama Waithira,

Naomba unishike mkono kabla Jumamosi haijafika. Mimi ni Seline, nachota maji ya ziwa na punda wangu na kuyapeleka kwa mahoteli ya hapa bichi, na huyo punda anaitwa Atoti, yaani msichana mrembo, na ndiye anayetulisha tangu mume wangu Gordon aumie goti akivuta mashua. Sasa mwaka jana Atoti naye akateleza kwenye mawe akiwa na mzigo, goti la mbele likavimba, akawa hawezi kukanyaga, majirani wakasema niwauzie watu wa ngozi, nikalia kama nimefiwa. Ndipo akaja Daktari Nakhungu, mama daktari wa mifugo kutoka chuo kikuu Nairobi, anayefanya utafiti kwa punda wa huku, akamshika mguu akaniambia, "Mama, gegedu limeharibika, ule utando unaoteleza kwenye ncha za mifupa ili isisagane. Likiisha halirudi lenyewe. Lakini kuna kitu tunajaribu."

Akanieleza kwamba mwili una vichocheo vyake vya kuamsha chembe zikue, na yeye amekuja navyo ndani ya chupa ndogo, akamlaza Atoti kwa dawa ya usingizi, akafungua goti, akalisafisha, akaweka vile vichocheo pamoja na gundi aliyotengeneza kwa damu ya Atoti mwenyewe, na hakuniahidi kitu, alisema wazi huenda ikakataa. Miezi ikapita nikimtembeza polepole kama nilivyoagizwa, na yawa, Mama Waithira, asubuhi moja Atoti akajitoa kwenye kamba akashuka ziwani mbio, nikabaki na debe mkononi nikicheka peke yangu, watu wakadhani nimerukwa na akili.

Furaha hiyo ndiyo imeniletea shida, kwa sababu Gordon alikuwa amesimama mlangoni na fimbo yake akaona kila kitu, akasema, "Kama dawa inaponya punda, mimi nimekosa nini?" Nikamwambia, "Baba Apiyo, hiyo ni ya mnyama." Akajibu, "Goti ni goti." Alimwomba daktari, daktari akakataa. Sasa chupa ya vile vichocheo, ambavyo Atoti atadungwa mara ya pili, iko kwa friji ya mafuta ya taa ya jirani, maana inataka baridi, na ni mimi tu nimeruhusiwa kuichukua, na Gordon ameniagiza nimletee, eti binamu yake Walter, yule anayedunga watu sindano sokoni, atamdunga Jumamosi. Nikikataa ananiambia nampenda punda kuliko yeye. Na kweli Mama, nikimwona anatoka kitandani kwa kushikilia ukuta, mtu aliyekuwa akiruka kutoka mashua hadi mashua, moyo unaniambia mpe tu, labda atapona. Nifanye nini? Barua hii nampa shemeji anayekuja Kisumu leo, akuletee mkononi.

Seline


JIBU

Seline dada yangu,

Gazeti letu hutoka Jumatano na Walter anadunga Jumamosi, kwa hivyo sikungoja gazeti. Nilipiga simu ofisi ya mifugo kule Bondo mpaka wakanitafutia Daktari Nakhungu. Wewe unajua yaliyofuata, lakini wasomaji hawajui, na nyinyi wawili mmeniruhusu niyaseme.

Daktari alifika kwenu Ijumaa, akamkuta Gordon amenuna. Akamwambia, "Mzee, kipimo cha binadamu hata mimi sikijui. Nikikudunga, goti linaweza kuvimba au kuota mfupa pasipotakiwa. Na nani alikuambia shida yako ni gegedu? Umewahi kupigwa picha?"

Hajawahi! Miaka yote hiyo, hata picha moja!

Akaingia kwenye gari la daktari akinung'unika, wakaja hospitali hapa mjini. Picha ikaonyesha kipande cha mfupa kilichokatika siku ile ya mashua, kimekuwa kikielea ndani ya goti na kulikwamisha. Kimetolewa. Juzi nilimtembelea wodini, akakunja goti kidogo mbele yangu, akasema, "Mama Waithira, linakunjika." Kisha akageukia ukuta. Akajifuta macho kwa shuka, nikatoka nje nimwache kidogo.

Shusha pumzi, Seline. Chupa hukuichukua, na usimwombe mtu msamaha kwa hilo. Lakini nitakugombeza kwa jambo moja: ulitaka kumpa kwa sababu ya huruma, na huruma ya namna hiyo ingemkatisha mguu. Mgonjwa hapewi kila anachokililia. Anapelekwa kwa anayejua.

Na wewe Bwana Gordon, najua unasomewa haya. Maneno ya kupendwa kuliko punda ni ya kitoto, mwombe mkeo radhi leo. Maumivu yako nayaelewa, lakini dawa ile bado inajaribiwa kwa wanyama, na Atoti ni punda mmoja tu. Labda siku moja itafika kwa magoti yetu, ikishathibitishwa. Walter asikuguse na sindano, hata ya malaria. Usivute mashua mpaka daktari wa mifupa aseme, na yale mazoezi ya mguu uyafanye hata ukiona aibu.

Seline, mwache Daktari Nakhungu amalize kazi yake kwa Atoti, na mizigo mizito umpunguzie mnyama. Mumeo akiitwa kliniki, ingieni wote wawili, msiogope koti jeupe, ulizeni mpaka mwelewe. Mkitoka hapo mpite ofisini kwangu. Mlango hauna bawabu, na nataka nimwone Gordon akipanda ngazi za ofisi yetu.

Mama Waithira