Maneno Niliyomwambia Mtoto Mgongoni

Ibaba

Mjukuu wangu Tumaini,

Huku hatujambo. Mama yako amemaliza kuvuna maharage, na goti langu limepona. Umeniuliza ufanyeje ili watu wa kwenye filamu unayoiandika waongee kama watu.

Enzi za Mwingereza, nikiwa mke kijana, walikuja watu wa sinema kutengeneza filamu ya kuhimiza kuchemsha maji ya kunywa. Bwana mmoja wa mjini, aliyeandika maneno yote, alinichagua niigize mkamwana kwa kuwa nilijua kusoma. Karatasi ilitaka nisimame mbele ya baba mkwe nimwambie, "Baba, chemsha maji." Kwetu mkamwana hamtazami mkwe usoni! Wanawake waliokuja kutazama, waliposikia maneno hayo yakisomwa, wakaanza kuondoka kwa aibu.

Nikamwambia, "Bwana, hapa hakuna anayesema hivyo."

"Basi wanasemaje?"

"Nipe kalamu."

Nikaketi juu ya kinu, nikaandika upya. Kamera ilipowashwa, nilijibanza kwenye pembe ya nyumba nikamwambia mtoto niliyembeba mgongoni, kwa sauti ya kumfikia mzee aliyeketi barazani: "Mwanangu, maji haya hatunywi mpaka yachemke. Nataka babu akuone ukikua."

 Mzee aliyeigiza mkwe akainuka, akabeba chungu cha maji, akakiinjika motoni mwenyewe. Hilo sikuliandika! Wanawake wakarudi mbio wakipiga vigelegele.

Yule bwana akaichukua karatasi, akaandika jina langu kama mwandishi, juu ya lake.

Akupendaye,
Bibi yako Tusekile